Kila Kipande na Jina Lake: Historia ya Picha za Vipande kutoka Shanga za Gondokoro hadi Violezo vya Vekta mjini Juba

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya kuunda picha kwa kupanga vipande vidogo, na yanaitazama historia hiyo kutoka Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini. Programu za uchoraji wa vekta humwezesha mchoraji wa leo kuijenga upya picha ya kawaida kwa maelfu ya nakala za umbo alilolibuni mwenyewe. Mbinu hiyo huelezwa kama jambo jipya la kiufundi. Makala yanaonesha kwamba ina nasaba ndefu katika ukanda huu: kauri zilizopachikwa katika makaburi ya pwani, shanga zilizosafirishwa kutoka Zanzibar kuelekea Mto Nile, na msamiati wa rangi za ng'ombe miongoni mwa Wadinka na Wanuer. Katika mapokeo ya shanga na ng'ombe, kipande au ruwaza ilikuwa na jina, na aliyelijua jina aliweza kuisoma picha. Hoja kuu ya makala ni kwamba mozaiki ya kompyuta hupoteza jina la kipande kabla ya kupoteza kitu kingine chochote, na kwamba upotevu huo unaweza kuzuiwa kwa kutumia muundo wa faili unaoruhusu jina kuandikwa ndani ya umbo lenyewe. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo manne kwa watunga sera wa Sudan Kusini na wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Istilahi muhimu: mozaiki, vekta, kiolezo, shanga, ruwaza, Juba

1.0 Utangulizi

Mtu akisimama mbali na mozaiki huona uso, ndege au ramani. Akisogea karibu, uso hutoweka na kubaki vipande. Sanaa hii yote imejengwa juu ya umbali huo kati ya macho mawili: jicho linaloona picha nzima na jicho linaloona kipande. Wanahistoria wa sanaa wameandika mengi kuhusu jicho la kwanza. Makala haya yanashughulikia jicho la pili, yaani swali la kipande: nani huchagua umbo lake, umbo hilo linaitwaje, na jina hilo hukaa wapi baada ya picha kukamilika.

Swali hili lina uzito wa pekee mjini Juba. Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, ikalazimika kujiundia katika muda mfupi alama zote ambazo mataifa mengine ya ukanda huu yaliziunda nusu karne kabla yake: nembo, noti, mabango, vitabu vya shule. Kazi hiyo ilifanyika wakati kompyuta ilikuwa tayari ndiyo meza ya mchoraji. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya sanaa ya umma ya taifa hilo imeishi tangu mwanzo kama faili, na hatima ya faili ni hatima ya kumbukumbu.

Kabla ya kuendelea, ni vyema kufafanua istilahi zitakazotumika. Kwa neno mozaiki tunamaanisha picha yoyote inayoundwa kwa kupanga vipande vinavyobaki kuonekana kama vipande. Vekta ni mchoro uliohifadhiwa kama maelezo ya mistari na mapindo, tofauti na picha ya pikseli, ambayo ni gridi ya nukta zenye rangi. Kiolezo ni umbo la asili linalochorwa mara moja ili lizalishe mengine. Nakala rejea ni umbo linaloonekana mahali pengine katika mchoro lakini likiendelea kutegemea kiolezo chake: kiolezo kikibadilika, nalo hubadilika.

2.0 Kigae na ushanga: vipande kabla ya kompyuta

2.1 Kauri za pwani

Wasomaji wa Kiswahili wana mfano wa karibu wa sanaa ya kupachika. Katika makaburi ya nguzo ya Kunduchi na Kaole, katika pwani ya Tanzania, mafundi walipachika mabakuli na sahani za kauri zilizotoka ng'ambo, nyingine kutoka China. Bakuli lililoundwa kwa ajili ya chakula lilihamishwa kutoka mezani na kuwekwa ukutani, likawa kipande cha pambo kubwa zaidi. Hata hivyo halikuacha kuwa bakuli. Mpita njia alitambua kwamba ni chombo cha thamani kilichovuka bahari, na utambuzi huo ulikuwa sehemu ya heshima aliyopewa marehemu. Hapa tayari ipo kanuni ya msingi ya makala haya: kipande huingia katika picha pamoja na historia yake.

2.2 Shanga kutoka Zanzibar hadi Gondokoro

Mfano wa pili unatufikisha karibu na Juba. John Hanning Speke na James Augustus Grant waliondoka Zanzibar mwaka 1860 na kufika Gondokoro mwezi Februari 1863. Gondokoro kilikuwa kituo cha biashara katika ukingo wa mashariki wa Nile Nyeupe, karibu na mahali ilipo Juba ya leo. Miongoni mwa waliofika nao alikuwepo Sidi Mubarak Bombay pamoja na wapagazi na askari wengine waliotoka Zanzibar. Msafara kama huo ulijilipia njia kwa nguo, nyaya za shaba na shanga. Kwa upande wa kaskazini, wafanyabiashara waliopanda Nile kutoka Khartoum nao walileta shanga katika kituo hichohicho. Gondokoro, kwa hiyo, palikuwa mahali ambapo mikondo miwili ya bidhaa hiyo ndogo ilikaribiana.

Jambo la kuzingatia ni majina. Richard Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860 kuhusu eneo la maziwa makuu, aliorodhesha aina za shanga zilizokuwa sokoni, na orodha hiyo ni ushahidi kwamba wafanyabiashara wa bara hawakununua "shanga" kwa ujumla. Ushanga mwekundu uliojulikana kama samesame ulikuwa na majina ya utani, mojawapo likiusifu kuwa ni mvunja miji, kwa jinsi ulivyotamaniwa. Rangi, ukubwa na ung'avu vilikuwa na majina. Na mfanyabiashara aliyeleta ushanga usiopendwa katika nchi fulani alirudi na mzigo wake. Kipande kidogo kuliko punje ya mtama kilikuwa na utambulisho kamili.

Miongoni mwa Wadinka, shanga hizo za kioo ziliingizwa katika mfumo wa maana uliokuwepo. Vazi la shanga linalobana kiwiliwili, ambalo leo linapatikana katika makumbusho mengi ya Ulaya, hutungwa kwa safu za shanga zilizopangwa kwa rangi, na rangi hizo zilieleza rika la mvaaji. Kwa macho ya mgeni, vazi hilo ni mchezo wa mistari. Kwa macho ya mwenyeji, ni taarifa. Fundi hakuwa huru kubadilisha rangi kwa sababu tu ingependeza, kwa kuwa angekuwa amebadilisha umri wa mtu.

Mapokeo haya hayajafa. Mjini Juba, mradi wa Roots ulioanzishwa na Anyieth D'Awol umewakutanisha wanawake wa jamii mbalimbali katika kazi ya kutunga shanga, wakiwa pamoja katika meza moja. Kwa mtafiti wa mozaiki, kituo cha namna hii ni maktaba hai: mtunga shanga anapofundisha, hufundisha mkono na neno kwa wakati mmoja.

3.0 Ng'ombe kama msamiati wa ruwaza

Iwapo shanga zilitoka nje, msamiati wa ruwaza ulikuwa wa nyumbani, na chimbuko lake kubwa ni ng'ombe. E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake kuhusu Wanuer cha mwaka 1940, alieleza kwa kirefu istilahi za rangi na mpangilio wa mabaka ya ng'ombe. Godfrey Lienhardt, katika kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu dini ya Wadinka, alikwenda mbali zaidi: alionesha kwamba Wadinka huuona ulimwengu wa rangi, mwanga na kivuli kupitia istilahi za ng'ombe. Jeremy Coote, katika insha ya mwaka 1992, alitumia ushahidi huo kudai kwamba jamii za wafugaji wa Nile, ambazo wataalamu wengi walizidhania kuwa hazina sanaa kwa kuwa hazikuchonga sanamu nyingi, zilikuwa na sanaa yenye kina iliyokaa katika kutazama kwenyewe.

Mfumo huo unaonekana katika majina ya watu. Mabior ni fahali mweupe; Malual ni mwekundu wa kahawia; Majok na Marial hutaja mipangilio tofauti ya weusi na weupe. Makuei hutaja fahali ambaye mpangilio wake wa weusi na weupe humkumbusha mtazamaji kuei, yaani furukombe, tai mla samaki. Majina haya hubebwa na wanaume wengi nchini humo. Jina kamili la kiongozi wa mapambano, John Garang de Mabior, lina ndani yake rangi ya fahali.

Tunasisitiza kwamba huu ni mfumo wa ruwaza kwa maana kamili ya kitaaluma. Una vipashio (aina za baka), una kanuni za kuviunganisha (mahali baka lilipo katika mwili), na una njia ya kupanua maana kwa sitiari, kwa kuwa fahali mmoja huweza kuitwa kwa jina la ndege, mti au tukio lenye mfanano naye. Mchoraji wa Juba anayetafuta umbo la kutumia kama kipande cha mozaiki, basi, haanzi na ukurasa mtupu. Anaanza na kamusi.

4.0 Alama za taifa jipya

Historia ya karibuni imeonesha nguvu ya umbo moja lililo wazi. Katika kura ya maoni iliyofanyika kuanzia tarehe 9 hadi 15 Januari 2011, karatasi ya kura ilikuwa na michoro miwili: mkono mmoja ulioinuliwa kwa ajili ya kujitenga, na mikono miwili iliyoshikana kwa ajili ya umoja. Wapiga kura wengi hawakujua kusoma, na uamuzi mzito kuliko wote katika historia ya nchi yao uliwafikia kama umbo. Asilimia 98.83 walichagua mkono mmoja.

Alama zilizofuata zilirithi msamiati wa zamani kwa viwango tofauti. Nembo ya taifa ina furukombe mwenye ngao. Kwa msomaji wa kawaida, huyo ni ndege wa kifalme kama tai wa nembo nyingi za dunia. Kwa anayejua maana ya makuei, ni pia mpangilio wa weusi na weupe unaotambulika zizini. Noti za paundi ya Sudan Kusini, zilizoanza kutolewa mwezi Julai 2011, zilibeba sura ya Dkt. Garang. Sura katika noti hujengwa kwa mistari na nukta nyembamba mno, ili iwe vigumu kughushi. Nayo ni picha ya vipande, ingawa vipande vyake havina jina kwa raia anayeishika.

Miaka mitano baadaye, sanaa ya umma ilitoka ofisini ikaingia barabarani. Mwaka 2016, katika mwaka ambao mapigano yalizuka tena Juba, wasanii vijana walianzisha kundi la Ana Taban. Jina hilo ni la Kiarabu cha Juba, na mzungumzaji wa Kiswahili halihitaji tafsiri ndefu: mtu aliye taban ni mtu aliye taabani, aliyechoka. Kundi hilo lilichora kuta za mji, likaigiza mitaani na kuimba, likiita watu waache vita. Mwaka huohuo, tarehe 15 Aprili, Sudan Kusini ilitia saini mjini Dar es Salaam mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Matukio haya mawili hayakupangwa pamoja, lakini yanatupa mazingira ya swali letu: lugha ya picha ya Juba na lugha ya Kiswahili zinakutana katika kipindi kilekile, na zote mbili zinahitaji istilahi.

5.0 Kutoka nukta hadi kiolezo

Historia ya mozaiki ya kompyuta ina hatua tatu zinazotuhusu.

Hatua ya kwanza ni kiolezo. Mwaka 1963 Ivan Sutherland aliwasilisha katika chuo cha MIT mfumo wake wa Sketchpad, ulioruhusu mtumiaji kuchora kwa kalamu ya mwanga juu ya kioo cha kompyuta. Ndani yake mlikuwa na wazo ambalo programu zote za vekta zimelirithi: mchoro mkuu mmoja na nakala zake nyingi, ambapo badiliko katika mchoro mkuu huonekana katika nakala zote.

Hatua ya pili ni kipande chenye maana. Mwaka 1966 Leon Harmon na Ken Knowlton, watafiti wa Bell Labs huko Marekani, waliichukua picha ya mwanamke aliyelala, wakaigawa katika sehemu ndogo na kuweka alama mahali pa kila sehemu kulingana na weusi wake. Gazeti la New York Times liliichapisha mwaka 1967. Alama walizotumia zilitoka katika kazi yao: alama za hesabu na za vifaa vya umeme. Jambo hili halitajwi mara nyingi, nalo ni muhimu. Wahandisi hao hawakutumia miraba mitupu. Walitumia maumbo ambayo kwao yalikuwa na majina, kama vile mtunga shanga alivyofanya.

Hatua ya tatu ni faili inayosomeka. Tarehe 4 Septemba 2001, shirika la W3C lilitoa SVG kama kiwango rasmi cha michoro ya vekta. Faili ya SVG ni maandishi; mtu anaweza kuifungua na kuisoma kama anavyosoma barua. Mwaka 2003 ilianza programu huria ya Inkscape, inayotumia muundo huo na kupatikana bila malipo. Programu za kibiashara nazo zina zana zao: Adobe Illustrator ina amri ya kugeuza picha kuwa mozaiki ya miraba, na CorelDRAW ina zana ya Pointillizer inayokubali maumbo yaliyochaguliwa na mtumiaji.

Utaratibu wa Inkscape unafaa kuelezwa, kwa kuwa ndani yake mna kiini cha hoja yetu. Mchoraji huweka picha ya kawaida katika ukurasa. Juu ya kona yake huchora kiolezo, tuseme tone, ushanga au baka la ng'ombe, na kuacha rangi ya kiolezo hicho bila kuainishwa. Kisha huiamuru programu itandaze nakala rejea katika safu na nguzo, na kwa kila nakala isome rangi ya picha iliyo chini yake. Safu 60 zenye nakala 80 kila moja huzaa vipande 4,800. Mchoraji anaweza pia kuagiza kwamba mahali penye giza kipande kiwe kikubwa na mahali penye mwanga kiwe kidogo, au kitoweke kabisa. Picha ya chini huondolewa, na sura hubaki imejengwa kwa vipande pekee.

Tuangalie mgawanyo wa kazi. Rangi imetoka katika picha. Mpangilio umetoka katika hesabu. Umbo peke yake ndilo limetoka kwa mtu. Katika vazi la shanga la Wadinka, jamii ilimiliki rangi na mpangilio, ilhali umbo la ushanga lilitoka kiwandani ng'ambo. Katika mozaiki ya vekta, uhusiano huo umepinduka. Kinachobaki mikononi mwa mchoraji wa Juba ni umbo, na kwa hiyo umbo ndipo mahali pa mwisho ambapo kumbukumbu ya jamii inaweza kuingia katika picha ya aina hii.

6.0 Jina linapopotea

Upotevu wa kwanza ni wa jina. Mchoro unapokamilika, kwa kawaida hugeuzwa kuwa picha ya pikseli ili upelekwe kwa mchapaji au utumwe kwa simu. Katika ugeuzaji huo maelezo yote ya vekta hufutika: kiolezo, uhusiano wake na nakala, na chochote kilichoandikwa kukihusu. Vipande 4,800 huwa nukta zisizojua kwamba ziliwahi kuwa makuei au samesame. Picha inaweza kuwa nzuri vilevile, na kwa sababu hiyohiyo hakuna anayegundua kilichopotea.

Ukubwa wa hasara hii huonekana tukikumbuka hali ya kumbukumbu nyingine za nchi hiyo. Nyaraka za hifadhi ya taifa ziliwahi kutunzwa ndani ya hema mjini Juba kabla ya kupangwa upya na kuanza kuwekwa katika mfumo wa dijitali kwa ushirikiano na Rift Valley Institute. Mamia ya vitu vya kale na maelfu ya picha za Sudan Kusini, zikiwemo picha za Evans-Pritchard, yamo katika makumbusho ya Pitt Rivers huko Oxford. Makumbusho ya taifa mjini Khartoum yaliporwa katika vita vilivyoanza Aprili 2023. Nchi ambayo ushahidi wake umetawanyika kiasi hiki haina anasa ya kuzalisha ushahidi mpya usio na majina.

Upotevu wa pili ni wa rangi. Kwa kuwa programu huchukua rangi kutoka katika picha ya chini, umbo la ushanga wa rika fulani linaweza kutokea katika rangi ya rika jingine. Kwa mtazamaji wa mbali si kitu. Kwa mwenye vazi, ni kosa la sarufi. Hatudai kwamba mchoraji azuiwe. Tunadai kwamba ajue anapovunja kanuni, ili uvunjaji wake uwe uamuzi.

Suala la tatu ni la idhini, na ni zito kuliko hayo mawili. Maumbo hayana hatari sawa. Miongoni mwa Wanuer, mistari sita ya gaar iliyochanjwa katika paji la uso ilikuwa alama ya kijana aliyeingia utu uzima. Vita vilipozuka Juba tarehe 15 Desemba 2013, watu waliwindwa kwa misingi ya kabila, na taarifa za haki za binadamu zilieleza kwamba baadhi yao walitambuliwa kwa lugha yao na kwa chale za usoni. Umbo lililokuwa fahari likawa hati ya mauti. Mchoraji anayetaka kuunda sura ya taifa kwa maumbo ya makabila yote ana nia njema, na wazo lenyewe lina mvuto: watu wengi, picha moja. Lakini kuna maumbo ambayo familia za Juba haziwezi kuyatazama kama pambo. Uamuzi wa kuyatumia, au kutoyatumia, hauwezi kuachwa kwa mwenye kompyuta peke yake.

Inaweza kujengwa hoja kinzani kwamba sanaa huishi kwa kusahau. Kwamba fundi wa Kunduchi hakuomba idhini ya mfinyanzi wa China, na kwamba shanga za kioo zenyewe zilikuwa ngeni kabla ya kuwa za Wadinka. Hoja hiyo ni ya kweli kwa sehemu. Lakini bakuli la Kunduchi bado lipo ukutani, na mtaalamu anaweza kulisoma na kulitambua. Kiolezo cha vekta kikishageuzwa kuwa pikseli hakiachi bakuli. Fundi wa kale aliweza kumudu kusahau kwa kuwa kitu chenyewe kilikumbuka kwa niaba yake.

7.0 Mapendekezo kwa watunga sera

Kwanza, hazina ya violezo. Wizara inayohusika na utamaduni mjini Juba, pamoja na hifadhi ya taifa, inaweza kuanzisha hazina ya maumbo yaliyochorwa kwa vekta kutokana na shanga, mabaka ya ng'ombe, ufumaji na nakshi za jamii mbalimbali. Kila umbo liandikwe jina lake katika lugha ya jamii husika, maelezo yake kwa Kiswahili na Kiingereza, na jina la jamii iliyolitoa. Sudan Kusini iliridhia mwaka 2016 Mkataba wa UNESCO wa 2003 wa kulinda urithi usioshikika, na mkataba huo unazitaka nchi wanachama kuorodhesha urithi wao. Hazina hii ingekuwa sehemu ya orodha hiyo.

Pili, jina ndani ya umbo. Muundo wa SVG una sehemu maalumu za kuandika kichwa, maelezo na taarifa za kimaktaba ndani ya umbo lenyewe. Kwa kuwa nakala rejea hutegemea kiolezo kimoja, jina likiandikwa mara moja hubaki nyuma ya vipande vyote 4,800. Taasisi za umma zinazoagiza mabango, vitabu na nembo ziweke sharti la kukabidhiwa faili ya vekta yenye taarifa hizo, pamoja na picha ya kuchapishwa. Sharti hilo halina gharama zaidi ya sentensi moja katika mkataba.

Tatu, ngazi za idhini. Maumbo yagawanywe kati ya yale yaliyo huru kwa wote, yale yanayohitaji ruhusa ya jamii, na yale yasiyopaswa kuwekwa hadharani. Ukanda una mifano ya kisheria ya kuanzia: Itifaki ya Swakopmund ya mwaka 2010 chini ya ARIPO, na sheria ya Kenya ya mwaka 2016 kuhusu maarifa ya jadi na semi za kitamaduni.

Nne, istilahi. Mwaka 2004, mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa programu za ofisi kwa Kiswahili ulionesha kwamba lugha hii inaweza kubeba kompyuta ikipewa nafasi. Uchoraji wa vekta haujapata kazi ya namna hiyo. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ishirikiane na walimu na wachoraji wa Juba kusanifu istilahi kama kiolezo, nakala rejea na ruwaza, na ichukue kutoka Kidinka, Kinuer, Kibari na Kizande maneno ambayo Kiswahili hakina. Kiswahili kinapoingia Juba hakipaswi kufika kama mwalimu pekee. Kuhusu ruwaza za ng'ombe, ni Kiswahili kinachopaswa kukaa kitako na kusikiliza.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamefuatilia kipande kutoka kaburi la pwani hadi kituo cha shanga, kutoka zizini hadi karatasi ya kura, na kutoka maabara ya Marekani hadi faili ya mchoraji. Katika safari hiyo, mbinu ya kupanga vipande imebadilika mara nyingi. Wajibu wa kukumbuka vipande hivyo ni nini umebaki uleule. Zamani wajibu huo ulibebwa na kitu chenyewe na kinywa cha aliyekitengeneza. Leo kitu kimekuwa faili, na aliyejua jina huenda yuko kambini Uganda au Kenya, au amezeeka, au hayupo. Programu ipo, haina bei, na ina nafasi ya kuandika jina. Kilichobaki ni kumtafuta anayelijua na kumuuliza mapema, kabla picha haijapelekwa kwa mchapaji.